Kichocho cha Utotoni na Maradhi ya Wanawake: Mazingatio ya Istilahi

Sehemu yetu ya istilahi hupokea rasimu nyingi za vijitabu vya afya ili zikaguliwe kabla ya kupigwa chapa. Katika mojawapo ya rasimu hizo tulikuta sentensi hii: "Maambukizi ya utotoni katika sehemu za siri huweza kumsababishia mwanamke utasa." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro, na kitabibu inasema jambo la kweli. Walakini mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye tuna desturi ya kumwomba atusomee rasimu kwa jicho la msomaji wa kawaida, aliandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "Ni nani aliyemwambukiza mtoto huyo?"

Swali hilo lilitusimamisha. Mtungaji wa kijitabu alikusudia kueleza habari za kichocho. Mwalimu alifahamu jambo jingine kabisa, yaani kwamba mtoto alinajisiwa na mtu mwenye ugonjwa. Wala hatuwezi kusema kwamba mwalimu alikosea, kwa kuwa alisoma kilichoandikwa. Maneno "maambukizi", "sehemu za siri" na "utasa" yakipangwa pamoja katika Kiswahili, hayana njia nyingine ya kufasiriwa. Maji, konokono na mnyoo, ambavyo ndivyo kisa chenyewe, havikutajwa popote.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi maradhi yaliyompata mtoto wa kike yanavyoweza kumdhuru akiwa mtu mzima, kisha kuonyesha jinsi baadhi ya maneno tuliyoyazoea yanavyouficha ukweli huo. Sisi si waganga. Habari za utabibu tumezichota katika maandishi ya wataalamu. Kazi yetu ni maneno. Lakini mfasiri asiyejua jambo lenyewe hawezi kulichagulia neno, hivyo hapana budi tuanze na jambo.

Habari yenyewe

Kichocho huletwa na minyoo wadogo waishio ndani ya mishipa ya damu. Wako wa aina kadhaa, na kwetu Afrika Mashariki wawili ndio wanaosumbua zaidi. Mmoja hukaa katika mishipa ya matumbo, na ndiye aliyeenea sana kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwingine hukaa katika mishipa inayozunguka kibofu cha mkojo. Huyu hupatikana penye madimbwi, mabwawa, vijito na majaruba ya mpunga, kama vile sehemu za bara kusini mwa Ziwa, pwani ya Tanzania na Kenya, na visiwa vya Unguja na Pemba. Huyu wa pili ndiye tunayemzungumzia.

Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai ya mnyoo huanguliwa, na kiumbe kitokacho humtafuta konokono wa maji baridi na kumwingia. Ndani ya konokono kiumbe hicho huzaana mara nyingi sana. Baada ya majuma kadhaa konokono huanza kutoa lava wenye mikia, wasioonekana kwa macho, wanaoogelea huku na huku wakitafuta ngozi ya binadamu. Wakiipata huipenya kwa muda wa dakika chache bila ya kuacha jeraha. Wasipoipata hufa katika muda wa siku mbili hivi. Waliofaulu kupenya husafiri katika damu, hukomaa katika mishipa ya ini, dume na jike hushikamana, kisha huteremka kibofuni. Huko jike hutaga mayai kila siku kwa miaka. Inakadiriwa kwamba kwa kawaida mnyoo huishi miaka 3 hadi 5, lakini wapo walioonekana kuishi zaidi sana ya hapo.

Mnyoo mwenyewe hadhuru kama mayai yake yanavyodhuru. Yai moja lina urefu wa sehemu ya saba hivi ya milimita, nalo lina mwiba mwishoni. Baadhi ya mayai hupenya ukuta wa kibofu na kutoka pamoja na mkojo, yakiuchana ukuta huo. Ndiyo asili ya damu ionekanayo. Mayai mengine mengi hayatoki. Hunasa katika nyama za mwili, na mwili huyazingira kwa uvimbe, hatimaye kwa kovu. Kwa mwanamke, mishipa ya damu ya kibofu imeungana na ile ya uke, ya mlango wa kizazi, ya mji wa mimba na ya mirija ya uzazi. Kwa hiyo mayai hupelekwa huko pia. Daktari akitazama mlango wa kizazi kwa chombo chenye taa na kioo cha kukuza, huona mabaka ya rangi ya manjano mfano wa mchanga, na mishipa midogo inayotoa damu kwa kuguswa tu. Mwanamke mwenyewe huona utoko usio wa kawaida, vidonda, maumivu ya kinena na damu baada ya kujamiiana; wengine mimba huwaharibikia, au hutunga nje ya mji wa mimba, au haitungi kabisa.

Sasa tuangalie umri, kwani hapa ndipo penye kiini cha habari. Anayeingia majini mara nyingi ni mtoto: huoga, hucheza, huchota maji, hufua nguo za wadogo zake, huwasaidia wazee katika mpunga. Aghalabu mzigo wa minyoo huwa mkubwa kuliko wakati wowote mtu awapo kati ya miaka 10 na 14. Mvulana akikojoa damu huonekana, na katika baadhi ya sehemu za Afrika damu hiyo ilihesabiwa kuwa dalili ya kubalehe, kana kwamba ni hedhi ya wavulana. Msichana haonekani. Damu yake, hata akiiona mwenyewe, hudhaniwa kuwa ni ya mwezi. Miaka hupita, huolewa, pengine huhamia mjini kusikokuwa na dimbwi wala jaruba, na maradhi humtokea huko, mbali na maji yaliyomletea.

Tena asidhani mtu kwamba mkojo utasema kweli siku zote. Katika utafiti uliofanywa katika Wilaya ya Mwanga, kaskazini mwa Tanzania, na kutangazwa mwaka 1998, walipatikana wanawake ambao mkojo wao haukuwa na yai hata moja, ilhali mayai yalikuwamo katika mlango wa kizazi.

Wala jambo hili si geni katika elimu ya utabibu. Theodor Bilharz alimgundua mnyoo huyu mjini Kairo mwaka 1851. Mwaka 1899, huko huko Misri, daktari aitwaye Madden aliandika habari za kichocho ukeni. Mwaka 1915 Robert Leiper alithibitisha, Misri pia, kwamba konokono ndiye mpitishaji. Yaani madhara kwa mwanamke yaliandikwa kabla ya watu kujua ugonjwa unapitia wapi! Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha cha kuwasaidia waganga kuutambua ugonjwa huu mlangoni mwa kizazi mwaka 2015 tu. Idadi ya wanawake wenye ugonjwa huu inakadiriwa kufika milioni 56, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara.

Dawa ipo, nayo ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo huua minyoo wakubwa. Lakini dawa haifuti makovu. Utafiti wa Zimbabwe uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wanawake waliopata kutibiwa kabla ya kutimiza miaka 20 walikuwa na mabaka na damu ya kuguswa kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba wakati wa kumwokoa mwanamke ni akiwa bado mtoto, na anayeweza kumpeleka kupewa dawa ni mzazi au mwalimu aliyeelewa alichosoma. Ndiyo maana tunasema kwamba sentensi iliyomkwaza mwalimu wetu haikuwa na kosa dogo la mtindo.

Neno "maambukizi"

Tuanze na neno lililozua swali. Kitenzi "ambukiza" katika Kiswahili kina watu wawili ndani yake: anayetoa na anayepokea. Husemwa kwamba fulani ameniambukiza mafua, na hata tabia huambukizwa. Lugha za Ulaya zina neno moja la kitabibu ambalo maana yake ni kuingia kwa kiumbe kigeni mwilini, hata akitoka majini, udongoni au katika chakula, pasipo mtu wa pili. Wafasiri wetu wamelitafsiri neno hilo kwa "maambukizi" popote lilipo, na sasa limekita mizizi katika maandishi ya serikali. (Wako wanaoandika "maambukizo". Hatuoni sababu ya kugombana juu ya irabu ya mwisho, mradi mwandishi ashike moja.)

Hatupendekezi neno hili liondolewe. Tunachosema ni kwamba haliwezi kusimama peke yake pale ambapo ugonjwa hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu moja kwa moja. Mwandishi ataje chanzo katika sentensi ile ile: "maambukizi yatokanayo na maji yenye lava wa kichocho". Akiona ni ndefu, atumie kitenzi kingine kabisa: mtoto "ameingiwa na minyoo ya kichocho", au kwa wepesi zaidi, "amepata kichocho". Watu hawasemi kwamba wameambukizwa minyoo. Husema wana minyoo. Mfasiri akifuata lugha ya watu hapa hatapoteza usahihi wowote.

"Zinaa" na "uchafu"

Maneno mawili yafuatayo yana madhara makubwa zaidi, kwa sababu hutamkwa mbele ya mgonjwa.

"Magonjwa ya zinaa" ni istilahi iliyokwisha kuzoeleka, na hatuna matumaini ya kuing'oa leo wala kesho. Lakini ikumbukwe kwamba zinaa si kujamiiana tu. Zinaa ni kujamiiana kusiko halali. Ni jina la dhambi kabla ya kuwa jina la maradhi. Hata kwa kaswende au kisonono neno hili humdhulumu mke aliyeletewa ugonjwa nyumbani mwake. Kwa kichocho dhuluma huwa maradufu, kwa kuwa kujamiiana hakukuhusika hata kidogo.

Jambo hilo hutokeaje? Katika zahanati zisizo na vyombo vya kupimia, mhudumu hufundishwa kutibu kwa kufuata dalili. Mwanamke akieleza kwamba ana utoko usio wa kawaida na maumivu, hupewa dawa za kuua bakteria wa magonjwa ya zinaa. Dawa hizo hazina kazi kwa mayai ya mnyoo. Mgonjwa harudi kupona. Hurudi na dalili zile zile, akaambiwa amlete mumewe, akapewa dawa tena. Baada ya mara ya tatu, nyumbani hakuna amani. Kadi yake imeandikwa ugonjwa wa zinaa, na mume anajua kusoma. Msichana wa miaka 13 mwenye dalili hizo hizo huulizwa maswali ambayo mama yake hatayasahau.

Kwa hiyo tunatoa shauri kwamba katika tafsiri za miongozo, fomu na mabango, dalili itajwe kwa jina la dalili na sababu kwa jina la sababu. Kichwa cha habari kisomeke "Mwanamke mwenye utoko usio wa kawaida", wala si "Mwanamke mwenye dalili za ugonjwa wa zinaa". Pale ambapo ugonjwa kweli umepatikana kwa njia hiyo, "magonjwa yaambukizwayo kwa kujamiiana" ni maelezo marefu kidogo, lakini hayahukumu mtu. Na tuseme wazi kwamba katika zahanati ya nchi yenye kichocho, swali la kwanza kwa mwanamke wa namna hii lingefaa kuwa: "Ulilelewa wapi, na mlikuwa mkitumia maji gani?"

Neno la pili ni "uchafu". Ukisoma fomu na vijitabu utakuta "kutokwa na uchafu ukeni" au "kutokwa na uchafu sehemu za siri". Hatujui kama yupo mwandishi aliyewahi kuandika "kutokwa na uchafu puani" kwa mtu mwenye mafua. Pua hutoka kamasi, sikio hutoka usaha, jicho hutoka tongo, kila kimoja kikiwa na jina lake; uke peke yake ndio uliopewa uchafu. Na mwenye uchafu hufikiri dawa yake ni kujisafisha, ndipo baadhi ya wanawake hujiosha ndani kwa vitu vinavyowadhuru zaidi. Kiswahili kina neno la zamani, "utoko", ambalo maana yake ni ute wa ukeni, nalo limo katika kamusi. Tunalipendekeza lifufuliwe: "utoko" kwa ute wa kawaida, na "utoko usio wa kawaida" kwa dalili ya ugonjwa. Mwandishi anayechelea kwamba wasomaji wake hawalijui na aandike "majimaji yasiyo ya kawaida yatokayo ukeni". "Uchafu" uachiwe majalala.

Jina la ugonjwa

Katika rasimu na mabango tuliyoyaona, ugonjwa wenyewe umeitwa kwa majina manne. Jina la kwanza ni "kichocho cha kike", ambalo lina kasoro kwamba humfanya msomaji afikiri ipo aina ya kichocho iliyo ya kike, kama vile pawpaw dume na jike. La pili ni "kichocho cha sehemu za siri". Hili lina adabu, lakini "sehemu za siri" kwa msemaji wa Kiswahili ni zile za nje, zinazositiriwa na nguo, ilhali madhara makubwa yamo ndani, mlangoni mwa kizazi na katika mirija. Isitoshe, ugonjwa ambao shida yake kuu ni kufichika haufai kuongezewa siri katika jina. La tatu ni "kichocho cha uzazi". Ni fupi na linapendeza sikioni, na tukiri kwamba nusura tulikubali. Kilichotuzuia ni kwamba "uchungu wa uzazi" ni uchungu uletwao na kuzaa, na "homa ya uzazi" ni homa ipatikanayo baada ya kuzaa. Kwa kipimo hicho hicho "kichocho cha uzazi" kingekuwa kichocho kipatikanacho kwa kuzaa, na msichana asiyewahi kuzaa angetengwa nacho.

Jina la nne, "kichocho cha via vya uzazi", ndilo tunalolishika. Linataja ugonjwa na mahali ulipokaa, basi. Linafuata mfano uliokwisha kukubalika wa "kichocho cha matumbo". Tena halimsahau mwanamume, kwa maana mayai hunasa katika via vyake pia. Pakihitajika kubainisha, huongezwa "vya mwanamke" au "vya mwanamume". Kasoro yake ni kwamba neno "via" linajulikana kwa wanafunzi wa elimu ya viumbe kuliko kwa watu wa vijijini. Tumeipima kasoro hiyo tukaona inavumilika: neno lisilojulikana huulizwa maana, lakini neno linalojulikana vibaya haliulizwi.

Yako maneno mengine ya mwili ambayo tunapenda kuyapitia kwa haraka. "Mji wa mimba", "mfuko wa uzazi", "nyumba ya uzazi" na "kizazi" yote hutumika kwa kiungo kimoja; katika kijitabu kimoja litumike moja. "Mlango wa kizazi" na "shingo ya kizazi" vivyo hivyo. Sisi hutumia "mlango", kwa sababu ndilo litamkwalo zaidi katika kampeni za uchunguzi wa saratani, na mwanamke aliyekwisha kulisikia huko halazimiki kujifunza jipya.

Mtego wa "mayai"

Kosa hili hatukulitazamia mpaka tulipolikuta limeandikwa: "Mayai yanapofika katika mirija ya uzazi huleta uvimbe na kuziba." Msomaji aliyepita shule anajua kwamba mayai hufika katika mirija ya uzazi kila mwezi, hiyo ndiyo kazi ya mirija. Kwa hiyo amefundishwa kwamba mayai yake mwenyewe humdhuru. Mtafsiri hakuona, kwani yeye akilini mwake alikuwa na mnyoo muda wote.

Katika habari hizi neno "mayai" lisiachwe peke yake hata mara moja, hata kama ukurasa utachosha. Iandikwe "mayai ya mnyoo" au "mayai ya kichocho" kwa upande mmoja, na "yai la mwanamke" kwa upande mwingine. Vivyo hivyo "kuziba" na "kufunga" visichanganywe: mirija iliyozibwa na kovu "imeziba", mwanamke aliyechagua kutozaa tena "amefunga kizazi". Tumeona rasimu iliyosema kwamba kichocho "hufunga kizazi", na twaogopa kufikiri ni mtu gani angeifurahia habari hiyo.

"Utasa", "ugumba", na "akina mama"

Sentensi iliyoanzisha mjadala huu ilisema "utasa". Katika matumizi ya kawaida "tasa" ni mwanamke au mnyama asiyezaa, na neno hilo ni hukumu isiyo na rufani. Waganga husema jambo jingine: kwamba mume na mke wamekaa mwaka mzima wakikutana bila ya kinga na mimba haikutunga. Hali hiyo huweza kuwa na sababu kwa mke, au kwa mume, au kwa wote wawili, na mara nyingine hutibika. Kwa maana hii tunapendekeza "ugumba", tukikubali kwamba nalo lina uchungu wake, na "utasa" libakizwe kwa hali iliyothibitishwa kuwa haina dawa. Aidha "ugumba" usiandikwe kana kwamba ni wa wanawake peke yao.

Jingine ni "magonjwa ya akina mama", jina liandikwalo katika milango ya vyumba vya matibabu na katika vyeti vya madaktari. Kumwita mwanamke mama ni heshima kwetu, wala hatupingi heshima. Lakini anayeukabili mlango huo huenda ni msichana wa miaka 14 ambaye akionekana amekaa hapo jirani watasema ana mimba, au ni mke aliyekuja kwa sababu ile ile kwamba hajawa mama. "Magonjwa ya wanawake" ni jina lililo tayari, jepesi, na halimuumizi yeyote.

Hapa tungependa kusema neno juu ya "chango". Wanawake wengi, pwani na bara, wakiumwa kinena au wakikosa mimba husema wana chango la uzazi, na waganga wa jadi wana dawa zake. Wafasiri wengine wamejaribu kulichukua neno hilo kuwa jina la ugonjwa huu. Halifai, kwa sababu linakusanya maumivu ya hedhi, uvimbe na mambo mengine mengi yasiyohusiana na kichocho. Hata hivyo kijitabu kisichotaja chango hakitamfikia mwanamke anayeamini kwamba analo. Inatosha kuandika: "Maumivu ambayo wengi huyaita chango huweza kuwa na sababu mbalimbali, mojawapo ikiwa ni kichocho kilichopatikana utotoni."

Si kichocho peke yake

Msomaji asije akadhani kwamba kichocho ndio ugonjwa pekee wa utotoni wenye kuacha deni. Kifua kikuu kilichoingia mapafuni mwa mtoto huweza kulala kwa miaka, kisha kikasafiri kwa damu hadi kwenye mirija ya uzazi, ambako huleta makovu na ugumba bila ya mwanamke kukohoa hata mara moja. Hapa jina lenyewe ndilo kikwazo, kwa kuwa "kifua kikuu cha mirija ya uzazi" ni maneno yanayopigana. Baadhi ya waandishi husema "TB ya mirija ya uzazi", nasi hatuna jibu bora kwa sasa. Matubwitubwi nayo, yakimpata msichana aliyekwisha kuvunja ungo, mara chache huvimbisha vifuko vya mayai, ingawa ni nadra kumwachia ugumba. Wazazi wengi huogopa matubwitubwi kwa wavulana na hawajasikia kichocho kwa wasichana. Katika nchi zetu hofu hiyo imekaa upande usiostahili.

Rasimu tuliyoanza nayo tulimrudishia mwenyewe, na sentensi yake sasa inasomeka hivi: "Msichana aliyepata kichocho kwa kuoga au kuchota maji katika dimbwi au kijito, asipotibiwa mapema, huweza kuumia mlango wa kizazi na mirija ya uzazi, na akiwa mtu mzima akapata shida ya kushika mimba." Ni ndefu kuliko ya kwanza zaidi ya mara mbili, na mpiga chapa alilalamika juu ya nafasi. Tulimwomba apunguze picha ya jalada.

Neno moja limebaki mikononi mwetu. Yale mabaka yaonekanayo mlangoni mwa kizazi tumeyaita kwa muda "mabaka mfano wa mchanga", kwa kuwa "mabaka ya mchanga" yalimfanya muuguzi mmoja aulize mchanga umeingiaje. Wasomaji wetu wanaofanya kazi penye majaruba na mabwawa, hasa wakunga na wauguzi, kama wana neno fupi wanalolitumia wao kwa wao, tunaomba watuletee, pamoja na jina la wilaya linakosemwa.